Hati ya tambiko ya mwaka 250: jinsi ya kuisoma

Ukitaka kuelewa jinsi dola ya Roma ilivyowabana Wakristo wa kwanza, waache simba kwanza. Chukua kipande cha mafunjo kilichofukuliwa mchangani huko Fayum, Misri: kirefu, chembamba, maandishi ya Kigiriki, mwandiko wa karani aliyezoea kazi. Ni hati ya tambiko, yaani cheti cha kuthibitisha kwamba mtu ameitambikia miungu. Zimebaki zaidi ya 40, nyingi kutoka kijiji cha Theadelphia, na zenye tarehe inayosomeka ni za Juni na Julai mwaka 250. Kwangu mimi huu ni ushahidi wa thamani kubwa kuliko masimulizi yote ya mateso hayo, kwa sababu haukuandikwa ili kumsifu wala kumlaani mtu. Ni makaratasi ya serikali, basi.

Chanzo chake ni Decius, aliyeshika ukaisari mwishoni mwa mwaka 249. Miezi haikupita mingi akaamuru watu wa dola nzima waitambikie miungu. Amri yenyewe imepotea. Yaliyomo tunayajua kwa kusoma hati hizi pamoja na barua za maaskofu waliokumbwa nayo. Na jambo la kwanza la kushika ni hili: neno "Mkristo" halimo katika hati hata moja.

Kabla ya hapo utaratibu ulikuwa mwingine kabisa. Karibu mwaka 112, Plinius, liwali wa Bithynia na Ponto, alimwandikia kaisari Trajanus akiuliza awafanye nini Wakristo walioshtakiwa kwake. Jibu lilikuwa fupi: wasitafutwe; wakishtakiwa na kuthibitika, waadhibiwe; anayekana na kuiabudu miungu aachiwe, na barua za mashtaka zisizo na jina zisipokelewe. Kwa hiyo kwa miaka kama 140 usalama wa Mkristo ulimtegemea jirani yake. Jirani akinyamaza, liwali hakuwa na kesi. Decius aliugeuza mzigo huo: sasa kila mtu alipaswa kujitokeza mwenyewe na kuthibitisha.

Tuisome hati moja, ya mzee Aurelius Diogenes mwana wa Satabous, wa kijiji cha Alexandrou Nesos. Juu kabisa ni anwani: kwa wateule wa kusimamia matambiko kijijini. Kisha jina, jina la baba, kijiji, umri wa miaka 72, na alama ya mwili: kovu kwenye nyusi ya kulia. Kovu hilo ndilo lililoshika nafasi ya picha ya kitambulisho. Jina Aurelius lisikupoteze. Utalikuta karibu kila hati. Mwaka 212 Caracalla aliwapa uraia wa Roma karibu watu wote huru wa dola, nao wakachukua jina la ukoo wake. Bila hatua hiyo nadhani amri ya Decius isingewezekana, maana sasa mkulima wa Fayum naye alikuwa raia, na raia anadaiwa wajibu.

Baada ya utambulisho huja tamko lenyewe. Mzee anasema kwamba siku zote ameitambikia miungu, na kwamba sasa, mbele ya wasimamizi, kwa mujibu wa amri, ametambika, amemwaga kinywaji cha tambiko na ameonja nyama iliyotolewa. Anaomba wathibitishe kwa sahihi. Chini yake mwandiko unabadilika: Aurelius Syrus anaandika kwamba amemwona akitambika pamoja na mwanawe. Mwisho ni tarehe kwa mwaka wa utawala wa Decius, tarehe 2 ya mwezi wa Epeiph wa kalenda ya Misri, yaani 26 Juni 250.

Tazama vitendo vitatu: kutambika, kumwaga, kuonja. Kuonja ndiko kulikombana Mkristo zaidi. Kutupa punje ya ubani motoni mtu angeweza kujiambia ni ishara tupu, lakini nyama aliyoimeza hawezi tena kuitema. Paulo alishawaandikia Wakorintho kwamba hawawezi kuishiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani, na andiko hilo lilimhukumu Mkristo aliyesimama mbele ya wasimamizi.

Halafu lipo lile neno "siku zote". Wasomaji wengi hulipita, nami nawasihi warudi hapo. Aliyelisema alifuta maisha yake yote ya imani kwa neno moja, kana kwamba hayakuwapo. Lakini upande wa serikali neno hilo lilikuwa nafuu: mtu hakuulizwa jana alikuwa nani, wala hakutakiwa kumlaani Kristo kama Plinius alivyowataka washtakiwa wake. Ndiyo maana hati hizi hazitupi orodha ya Wakristo walioikana imani. Huko Arsinoe, mji wa Fayum, hati moja ni ya Aurelia Ammonous, kuhani wa Petesouchos, mungu mamba. Mtu aliyekuwa akihudumia madhabahu naye alipanga foleni kuthibitisha kwamba anaabudu miungu! Amri ilimhusu kila mtu.

Utaratibu huu ulikuwa na matundu. Tume ya wasimamizi ilikuwa ya watu wa mahali pale pale. Kule Carthage, Afrika Kaskazini, askofu Cyprianus anataja watu watano wenye vyeo waliounganishwa na mahakimu kwa kazi hiyo. Hao wana majirani, wana madeni, wana bei. Wakristo wenye uwezo wakanunua hati bila kukaribia madhabahu, au wakamtuma mtu awachukulie. Tena hati moja iliweza kubeba nyumba nzima: huko Oxyrhynchus, Misri, baba anatambika pamoja na mwana na binti yake. Usimamizi wa kutafuta watu nao ulikuwa hafifu. Dionysius, askofu wa Alexandria, alikaa siku nne nyumbani kwake huku askari aliyetumwa kumkamata akipekua barabara, mito na mashamba. Hakufikiria kuangalia nyumbani.

Hofu, hata hivyo, ilifanya kazi pale sheria ilipopwaya. Fabianus, askofu wa Roma, alikufa katika mateso hayo 20 Januari 250, na habari zikaenea. Dionysius anawaeleza waliofika madhabahuni wakiwa wamepauka na kutetemeka kana kwamba wao ndio wanaokwenda kuchinjwa. Carthage watu walijazana hadi jioni mahakimu wakataka kuwaahirisha wengine mpaka kesho, nao wakaomba wasiahirishwe.

Decius aliuawa vitani na Wagothi huko Abritus mwaka 251. Hati zikapoteza nguvu, na Kanisa likabaki na swali zito: hawa walioanguka, yaani waliotambika au kununua hati, wanarudi vipi? Ikabidi waainishwe: waliokula nyama, waliofukiza ubani tu, na walionunua hati. Walionunua walijitetea kwamba hawakutenda lolote. Cyprianus akajibu kwamba kumiliki hati ni kukiri umefanya kinachosemwa ndani yake. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Carthage wa mwaka 251 uliwapokea wenye hati baada ya kila kesi kuchunguzwa, lakini waliotambika waliachwa katika toba hadi wafikie kufa. Baadaye, hatari mpya ilipotishia, nao wakapokelewa.

Na katikati ya hayo likazuka soko la karatasi nyingine. Waliofungwa kwa ajili ya imani waliheshimiwa mno, wakaanza kutoa barua za kuwaombea walioanguka wapokelewe. Baadhi ya barua zilisema tu: fulani apokewe pamoja na watu wake. "Watu wake" ni wangapi? Cyprianus aliona kwamba kwa barua moja wangeweza kuletwa 20, 30 au zaidi, ndugu, wakwe, watumishi, wote wakidai ni wa fulani. Akawaandikia wafungwa hao, kwa heshima lakini bila kulegea, kwamba wawataje kwa jina, mmoja mmoja, wale tu wanaowajua na walioona toba yao.