Farasi wa damu vuguvugu: maana ya jina na watu waliomfanya awe alivyo

Farasi mwenye afya ana joto la nyuzi 37.5 hadi 38.5, awe wa mbio, wa kukokota magogo au wa kuruka vizuizi. Kwa hiyo jina "damu vuguvugu" halina uhusiano na kipimajoto. Ni jina la tabia na umbo. Wafugaji wa Ulaya waliwaita damu moto farasi wa Kiarabu na farasi wa mbio wa Kiingereza: wepesi, wenye ngozi nyembamba, wanaoshtuka upesi. Damu baridi ni majitu ya kazi kama Percheron wa Ufaransa na Shire wa Uingereza, wazito na watulivu. Vuguvugu akawekwa katikati.

Wengi huishia hapo, na maana hiyo haitoshi. Ukimpandisha Shire kwa farasi wa Kiarabu utapata chotara tu. Farasi wa damu vuguvugu kwa maana ya leo ni mnyama aliyeandikwa kwenye daftari la nasaba la shirika la wafugaji, aliyetokana na vizazi vya wazazi waliochaguliwa kwa ajili ya michezo: kuruka vizuizi, dresaji (mchezo wa farasi kufuata amri za mpandaji kwa hatua zilizopangwa), au mashindano yanayounganisha dresaji, mbio za nyikani na kuruka. Wengi wana kimo cha sentimita 160 hadi 172 begani na uzito wa kilo 500 hadi 650. Msomaji wa Nairobi aliyezoea kwenda Ngong kutazama mbio anawaona damu moto pale, si hawa.

Kinachowatofautisha na mbegu nyingi za wanyama ni kwamba madaftari yao mengi yako wazi. Dume wa Holstein nchini Ujerumani anaweza kukubaliwa Uholanzi, na jike wa Hanover, pia wa Ujerumani, akazaa mtoto anayeandikwa Ubelgiji. Mlango uko wazi, lakini una bawabu. Ndiyo maana ukiuliza ni nani vinara wa ufugaji huu, unauliza kwa kweli ni nani waliojua kumchagua wa kuingia.

Mwanzo ulikuwa wa wafalme. Friedrich Wilhelm I wa Prussia alianzisha zizi la Trakehnen mwaka 1732, na mwaka 1735 George II, mfalme wa Uingereza aliyekuwa pia mtawala wa Hanover, akaanzisha lile la Celle. Serikali ilifuga madume, mkulima akaleta jike wake. Lengo lilikuwa farasi wa kuvuta mizinga, kubeba wapanda farasi wa jeshi na kulima shamba siku za amani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia trekta na lori vilimnyang'anya kazi zote tatu kwa mpigo. Wafugaji wa Ujerumani, Uholanzi na Ufaransa wakabaki na majike wenye mifupa mizito na moyo mzuri, na soko moja tu: michezo.

Holstein, eneo dogo la kaskazini mwa Ujerumani, linaonyesha vizuri jinsi kazi ile ilivyofanyika. Walihitaji kupunguza uzito bila kupoteza nguvu ya kuruka, wakaingiza madume wa mbio wa Kiingereza, ambao kwenye nasaba hutambulika kwa alama xx baada ya jina. (Wa Kiarabu huwekewa ox.) Ladykiller xx, aliyezaliwa 1961, ndiye aliyemzaa Landgraf I. Kisha mwaka 1971 akaletwa dume wa Kifaransa, Cor de la Bryère, aliyezaliwa 1968 na baba wa damu moto, Rantzau xx. Huyu aliwapa wepesi wa kukunja miguu ya mbele na kuupinda mgongo juu ya kizuizi, kitu ambacho majike wengi wa Holstein hawakuwa nacho. Tazama jina la Cassini I, aliyezaliwa 1988: baba yake ni Capitol I, mwenye nguvu nyingi za nyuma, na babu yake upande wa mama ni Caletto II, mwana wa Cor de la Bryère. Nguvu za mmoja zimekutana na ulaini wa mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya mfugaji kwa sentensi moja, ingawa kuifikia kulichukua vizazi.

Damu moto, hata hivyo, ni kama chumvi. Ikizidi, unapata mnyama mwepesi na mwenye pumzi, lakini mwenye hofu na asiyejua kuruka kwa duara la mgongo. Isipokuwepo kwa muda mrefu, watoto wanakuwa wazito, wanachoka mwishoni mwa uwanja na kuangusha miti miwili ya mwisho. Wafugaji wanaohesabu kwa makini hutazama ni vizazi vingapi vimepita tangu xx ya mwisho, kabla ya kuchagua dume.

Ufaransa walifuata njia yao. Mwaka 1958 waliunganisha farasi wa mikoa mbalimbali, wa Normandy wakiwa uti wa mgongo, chini ya jina Selle Français. Dume wa kukumbukwa hapo ni Ibrahim, na zaidi mwanawe Almé, wa mwaka 1966. Almé ndiye baba wa Galoubet A, I Love You na Jalisco B, na hapa kuna jambo linalomsaidia msomaji: Wafaransa hutoa herufi ya kwanza ya jina kwa kufuata mwaka wa kuzaliwa. A ilikuwa 1966, G 1972, I 1974, J 1975. Ukiijua hesabu hiyo unasoma umri kwenye jina. Hanover wao humpa mtoto herufi ya baba, na Trakehner (farasi wa ukoo wa zizi la Trakehnen) herufi ya mama. Holstein madume huchukua herufi ya baba, ndiyo maana ukoo wa Cor de la Bryère umejaa C.

Kwa watu binafsi, wa kwanza kumtaja ni Léon Melchior. Mfanyabiashara huyu, aliyefariki 2015, alijenga zizi la Zangersheide huko Lanaken, Ubelgiji, na mwaka 1992 akaanzisha daftari lake mwenyewe. Farasi wake wanajulikana kwa herufi Z mwishoni mwa jina. Ujasiri wake ulikuwa kukataa mipaka ya majimbo wakati wengine walikuwa bado wanailinda. Alichukua Ramiro wa Holstein, akamchukua Almé wa Ufaransa, akavikutanisha vizazi vyao. Matokeo yake ni Ratina Z, jike aliyezaliwa 1982: baba Ramiro Z, mama Argentina Z, binti wa Almé. Ratina alipata medali ya fedha ya mtu mmoja mmoja na dhahabu ya timu ya Uholanzi akiwa na mpandaji Piet Raymakers kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992, na miaka minne baadaye dhahabu ya timu ya Ujerumani akiwa na Ludger Beerbaum huko Atlanta.

Paul Schockemöhle ni mtu wa aina nyingine. Alikuwa mpandaji kwanza, bingwa wa Ulaya mara tatu mfululizo kwa farasi Deister, 1981, 1983 na 1985. Mwaka 1980 yeye na Ullrich Kasselmann walianzisha mnada wa farasi wa michezo uitwao P.S.I. huko Ankum, Ujerumani, ulioufanya ulimwengu uone kwamba farasi kijana wa michezo anaweza kuuzwa kwa bei ya nyumba kubwa. Zizi lake la Lewitz, kaskazini mashariki mwa Ujerumani, ni miongoni mwa makubwa kabisa, na nguvu yake ni wingi: anazalisha watoto wengi, anawapima, anabakiza wachache. Chacco-Blue alikuwa miongoni mwa madume wake, akafa 2012, na baada ya kifo chake ndipo alipoongoza orodha ya dunia ya mababa wa farasi wa kuruka.

Orodha hiyo hutolewa na WBFSH, shirikisho la madaftari ya farasi wa michezo lililoanzishwa 1994. Isomwe kwa uangalifu. Pointi za watoto zinajumlishwa kwa baba, kwa hiyo dume aliyezaa watoto 2,000 ana nafasi kubwa kuliko mwenye 150, hata kama wa pili anatoa farasi wazuri zaidi kwa kila mia. Tena pointi zinakuja watoto wakiwa na miaka tisa au kumi na zaidi, wakati dume amezeeka au amekufa. Mimi ningeitumia kuthibitisha ukoo, si kuchagua dume wa mwaka huu.

Kwenye dresaji majina ni mengine, maana tangu miaka ya 1980 njia mbili zimeachana sana. Donnerhall wa Oldenburg, 1981 hadi 2002, ni nguzo kwa sababu alifanya kazi mbili, ya uwanjani na ya ufugaji: alishindana kiwango cha juu kabisa akiwa na Karin Rehbein, na wanawe De Niro na Don Schufro wakaendeleza kazi yake. Uholanzi walimtoa Totilas, mtoto wa Trakehner aitwaye Gribaldi, na baadaye Valegro, aliyepata asilimia 94.30 jijini London mwaka 2014 akiwa na Charlotte Dujardin. Valegro alikuwa amehasiwa. Farasi mwenye alama za juu kuliko wote katika historia hawezi kuacha mtoto kwa njia ya kawaida. Ni hasara inayojirudia, kwa kuwa madume wengi wanahasiwa wakiwa wadogo, kabla mtu hajajua walichonacho. Hapo ndipo kloni, yaani wanyama wanaonakiliwa kutoka chembe za mwili wa mwingine, zilipoingia: farasi wa kwanza wa kloni, Prometea, alizaliwa Italia 2003, na tangu 2012 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi linawaruhusu kushindana. Hata Ratina Z ana kloni zake.

Je, bawabu wa mlangoni anafanya nini hasa? Dume hupelekwa mbele ya kamati akiwa na miaka miwili na nusu, mara nyingi Oktoba hadi Desemba. Kwanza daktari: eksirei za viungo vya miguu, kutafuta vipande vya mfupa na gegedu vilivyoachana. Kisha anatembezwa kwenye sakafu ngumu ili kuona kama miguu imenyooka, anatazamwa akienda mwendo wa hatua (kutembea), wa matiti (kukimbia polepole) na wa shoti (kukimbia kwa kasi), na anarushwa vizuizi bila mpandaji. Akikubaliwa, bado ana jaribio la siku kadhaa akiwa amepandwa. Mahali pa kukosea ni mwendo wa matiti. Kijana anayerusha miguu ya mbele juu anavutia makofi, lakini mguu wa nyuma usipoingia chini ya tumbo na kubeba uzito, hatafika mbali kwenye dresaji. Hatua na shoti ndizo za kukaguliwa kwanza. Matiti yanafundishika zaidi.

Na majike? Hapa ndipo vinara wa kweli walipo, ingawa mabango hujaa majina ya madume. Dume anaweza kupandishwa kwa mamia kwa mwaka, jike huzaa mtoto mmoja baada ya miezi 11. Holstein wamezipa koo za kike namba na kuzifuata kizazi hadi kizazi. Mbelgiji Joris De Brabander wa Stal de Muze alijenga jina lake juu ya majike, akiwemo Qerly Chin, na akawapelekea madume kama Darco. Dalera BB, jike wa Trakehner, amechukua dhahabu ya dresaji kwenye Olimpiki za Tokyo na Paris akiwa na Jessica von Bredow-Werndl. Nasaba ikiandikwa kwa ufupi, jina la kwanza ni baba, la pili ni baba wa mama, la tatu ni baba wa bibi. Majike wenyewe hawatajwi. Mnunuzi adai karatasi kamili, aone mama na bibi walishindana kiwango gani na ndugu wa tumbo moja wamefanya nini.

Leo jike hahitaji kusafiri. Mbegu za dume (shahawa) zilizopozwa hadi nyuzi 5 hutumika ndani ya saa 24 hadi 48. Zilizogandishwa hukaa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mirija ya nusu mililita huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa sekunde 30 hivi, kisha zinaingizwa karibu sana na wakati yai linapotoka, kwa kawaida ndani ya saa sita baada yake. Kuchelewa ndiko kunakopoteza pesa: mbegu zilizogandishwa haziishi muda mrefu tumboni, hivyo daktari humpima jike kwa ultrasaundi kila saa chache usiku na mchana. Siku ya 14 hadi 16 anapimwa tena kuona mimba na kuhakikisha si mapacha, kwa sababu jike wa farasi mara chache huwafikisha wawili.

Kabla ya yote hayo, kuna kipimo kimoja kisichofaa kuachwa. Baadhi ya farasi wa damu vuguvugu wana kasoro katika jeni la PLOD1 inayowafanya watoto wazaliwe na ngozi inayochanika na viungo vilivyolegea. Watoto hao hufa tumboni au huuawa kwa huruma. Mzazi mwenye nakala moja haonyeshi dalili yoyote. Wabebaji wawili wakipandishwa, uwezekano ni robo mtoto kuugua na nusu kuwa mbebaji. Mbebaji akipandishwa kwa asiye na kasoro, hakuna mtoto atakayeugua. Dume mbebaji, basi, si lazima aondolewe. Unachohitaji ni nywele chache za jike wako zenye mizizi, zilizopelekwa maabara kabla ya msimu, na jibu la karatasi mkononi kabla ya kuagiza mbegu.