Umekosa kazi ya kaunti? Kabla ya kwenda kortini, soma tangazo tena

Bodi ya kaunti ikishatoa orodha ya walioajiriwa, haichukui muda kabla dawati letu la ushauri wa kisheria kuanza kupokea watu wenye bahasha za kaki. Ndani mna vyeti, wakati mwingine hadi kile cha darasa la nane. Mwenye bahasha anataka kuonyesha kwamba alistahili kuliko aliyepewa kazi. Sisi humuuliza jambo jingine: tangazo la kazi liko wapi? Wengi hawanalo. Walilisoma kwenye simu, wakatuma maombi, basi.

Tangazo hilo ndilo uti wa mgongo wa kesi, kwa sababu mahakama za Kenya hazikai kama jopo la pili la mahojiano. Mnamo Septemba 2012 Mahakama Kuu ilibatilisha uteuzi wa Mumo Matemu kuwa mwenyekiti wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Julai 2013 Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo. Majaji wa rufaa walisisitiza kwamba chombo kilichopewa na sheria kazi ya kupima watu kisiporwe kazi hiyo na korti, ingawa korti inaweza kuuliza kama upimaji wenyewe ulifuata sheria. Kwa hiyo "mimi ni bora kuliko yule" ni hoja nyepesi. "Walitangaza hivi, wakafanya vile" ni hoja nzito.

Uzito wake ulionekana Julai 2023, katika kesi ya makatibu waandamizi wa wizara, yaani wasaidizi wa mawaziri, maarufu kama CAS. Nafasi zilizotangazwa zilikuwa 23. Walioteuliwa walikuwa 50. Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa majaji wawili kati ya watatu, ilisema uteuzi huo ulikiuka Katiba, na mojawapo ya sababu ni zile nafasi 27 za ziada ambazo wananchi hawakuwahi kuulizwa maoni juu yake. Korti haikuhitaji kuamua nani kati ya hao 50 ana akili zaidi. Ilitosha kuhesabu.

Kwenye kaunti mambo huwa madogo zaidi, ila sura ni ileile. Chukua mfano wa tangazo linalotaka diploma na uzoefu wa miaka 3. Maombi yanamiminika, na kamati ya mchujo, ili kupunguza kazi, inaamua kimyakimya kwamba wenye digrii tu ndio wataitwa. Huenda nia si mbaya. Lakini mwenye diploma alialikwa kwa maandishi kisha akafungiwa mlango kwa sharti ambalo hakuwahi kuonyeshwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 66, inataka nafasi zitangazwe ziwafikie watu wengi iwezekanavyo, na kifungu cha 68 kinailazimu bodi kuweka rekodi ya maombi yote iliyopokea. Rekodi hiyo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana huko ndiko hugundulika kwamba aliyeajiriwa hakuomba kabisa, au aliomba baada ya siku ya mwisho.

Utaipataje? Kwa barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lako ndani ya siku 21. Omba alama zako mwenyewe, vigezo vya mchujo na namna alama zilivyogawanywa kwenye mahojiano. Usianze kwa kudai vyeti na nambari za vitambulisho vya wenzako, kwani utawapa sababu ya kukunyima kila kitu kwa jina la faragha. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Wakinyamaza, lalamika kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Na kimya chao kina gharama: kwa mujibu wa Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015, ofisi ikikataa kutoa sababu za uamuzi uliokuumiza, huchukuliwa kwamba haikuwa na sababu ya maana, mpaka ithibitishe vinginevyo.

Lalamiko tunalosikia zaidi ni la ukabila. Katiba, kifungu cha 232, inataka ushindani wa haki na uwezo viwe msingi wa uteuzi, na wakati huohuo inataka jamii zote zipate nafasi. Kaunti zenyewe zinatakiwa angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziwaendee watu wasio wa jamii kubwa ya eneo hilo. Ubaguzi ukishalalamikiwa kortini, Sheria ya Ajira inamtwika mwajiri mzigo wa kuonyesha kwamba haukutokea. Hata hivyo, majina ya ukoo peke yake kwenye orodha hayatoshi. Leta takwimu za idara nzima, au alama zinazopingana na orodha.

Kuhusu njia ya kufuata, hapa ndipo kesi nzuri hufia. Uamuzi wa bodi ya kaunti hukatiwa rufaa kwanza katika Tume ya Utumishi wa Umma, ndani ya siku 90. Ukiiruka tume ukakimbilia Mahakama ya Ajira, wakili wa kaunti hatajibu hata hoja zako. Ataomba kesi itupwe kwa kuwa hujamaliza ngazi za chini, na mara nyingi atafaulu. Ombi la kubatilisha uamuzi kwa amri ya certiorari nalo lina ukomo wa miezi 6.

Jambo ambalo wateja wetu hawapendi kulisikia ni kwamba kushinda si kupewa kazi. Polisi waliandikisha makurutu 10,000 Julai 2014. Malalamiko ya hongo yakazagaa, mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ikaenda kortini, na Oktoba mwaka huo Jaji Isaac Lenaola akafuta zoezi lote. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru makurutu hao waripoti mafunzoni. Amri hiyo haikudumu, na Mei Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na Lenaola. Aliyehonga na aliyekimbia uwanjani kwa pumzi zake mwenyewe wote walirudi kwenye foleni.

Kwa hiyo omba unachoweza kupata: zoezi lirudiwe, au fidia kwa haki iliyovunjwa. Kama barua za uteuzi hazijatoka, omba amri ya kusimamisha uajiri kwa muda. Zikishatoka, waliopewa kazi waunganishwe kwenye kesi. Jaji hatapenda kuwafuta watu kazi bila kuwasikia.