Mac na Linux nazo huambukizwa

Ukienda kununua kompyuta Luthuli Avenue, Nairobi, hutakosa muuzaji wa kukuambia: chukua Mac ya Apple, haishiki virusi. Shabiki wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, naye atakuapia hivyo hivyo. Si kweli. Windows hulengwa zaidi kwa sababu ndiyo iliyotapakaa kwenye meza za watu. Lakini mwaka 2012 programu hasidi iitwayo Flashback ilipenya kupitia tundu la kiusalama katika Java, programu iliyokuwa ndani ya kompyuta hizo, ikaambukiza Mac zaidi ya 600,000.

Na Linux? Kuna programu hasidi ya Mirai, 2016. Hiyo haikuhangaika na kompyuta za mezani. Ilisaka kamera za ulinzi na ruta, ambazo nyingi huendeshwa na Linux, ikajaribu nywila za kiwandani (admin kwa admin, uvivu mtupu) ikaingia. Mwenye kamera hakushuku lolote, picha ziliendelea kuja. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kwa pamoja kuishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyosaidia kompyuta za watu kupata anwani za tovuti, na Twitter na Netflix zikagoma kufunguka kwa wengi.

Kwa hiyo fundi akikufungia kamera dukani, abadilishe nywila kabla hajashuka ngazi. Kuizima kamera na kuiwasha huiondoa Mirai, ila nywila ikibaki ileile, inaweza kurudi baada ya dakika chache.