Kibali cha kupiga fashifashi hadharani, na jinsi kinavyoeleweka Zanzibar

Kibali cha kupiga fashifashi hadharani ni idhini ya maandishi inayomruhusu mtu au taasisi iliyotajwa kurusha fataki za maonyesho mahali palipotajwa, kwa tarehe na saa zilizotajwa, mbele ya umma. Kila sehemu ya maelezo hayo ina uzito wake. Idhini iliyotolewa kwa uwanja wa Maisara haihamishiki Forodhani, iliyotolewa kwa usiku wa tarehe 31 Desemba haitumiki usiku wa pili yake, na aliyepewa hana ruhusa ya kumkabidhi kazi kijana mwengine kwa sababu tu naye anajua kuwasha utambi.

Wengi wetu tumezizoea fashifashi za usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, zinazopigwa kuadhimisha Mapinduzi ya 1964. Kwa kuwa hizo huandaliwa na Serikali yenyewe, mwenye hoteli au mwenye harusi huweza kudhani kwamba naye atanunua maboksi yake na kuyapiga ufukweni bila ya kumuuliza mtu. Dhana hiyo ni ya hatari. Kinachorusha juu tufe la fashifashi, yaani gamba la mviringo lenye fataki ndani yake, ni baruti nyeusi, ambayo kwa mchanganyiko wake wa kawaida ni shura (chumvi ya nitrati) asilimia 75, makaa asilimia 15 na salfa asilimia 10, na baruti haibadiliki tabia kwa sababu imenunuliwa kwa ajili ya furaha.

Jambo linalowachanganya waombaji wa hapa ni kwamba hakuna dirisha moja linalobeba mzigo wote, kwa sababu hatari yenyewe inagusa mamlaka za aina mbili. Polisi, usafiri wa anga na utabiri wa hali ya hewa ni mambo ya Muungano. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, mabaraza ya manispaa na hifadhi ya Mji Mkongwe viko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mwandaaji mwenye busara huanza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, wa shehia husika na ofisi ya Mkuu wa Wilaya, akaenda kwa baraza au halmashauri inayosimamia eneo, iwe ni mjini Unguja, Chake Chake au Nungwi, kisha akawafikia Polisi na Zimamoto. Kiwanja cha ndege cha Abeid Amani Karume kipo Kisauni, karibu mno na mji, kwa hiyo wanaoongoza ndege nao wanapaswa kujua mapema ni saa ngapi moto utapanda angani na utafika urefu gani. Barua ya ofisi moja haifuti haja ya ofisi nyengine, na hapo ndipo maombi mengi yanayopelekwa dakika za mwisho hukwama.

Ombi lenyewe hupimwa zaidi kwa ramani kuliko kwa maneno. Mkaguzi hutaka kuona mabomba ya kurushia yatasimama wapi, watu watazuiliwa umbali gani, gari la zimamoto litaingilia njia ipi, na ukubwa wa tufe kubwa kuliko yote ni upi. Kwa mfano, kiwango kinachotumika sana Marekani hutaka nafasi ya futi 70 kwa kila inchi moja ya kipenyo cha tufe; tufe la inchi 3 hivyo huhitaji futi 210, yaani mita 64 hivi, kila upande. Mtu akilichukua kipimo hicho akakiweka Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, ataona mara moja kwamba baina ya vichochoro vile hamna pa kupigia. Gari la zimamoto halipiti katika njia nyingi za ndani, na ndani ya kuta za mawe na chokaa mna boriti na mbao kuukuu. Beit al Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 bila ya fataki wala baruti. Majengo ya umri ule hayahitaji kuongezewa mitikisiko. Kwa hoteli za Nungwi na Kiwengwa tatizo ni makuti, kwani cheche moja juu ya paa lililokauka hutosha kuteketeza banda zima.

Upepo nao ni sehemu ya kibali, hata usipoandikwa. Januari ni msimu wa kaskazi, na kwa uwanja wa pwani ya magharibi, kama Maisara, upepo huo husukuma majivu na vipande kuelekea baharini. Mpango huo huo ukihamishiwa msimu wa kusi, au ukapelekwa pwani ya mashariki, lazima upangwe upya.

Uhifadhi ndio unaosahauliwa kuliko yote, nami nauona kuwa mzito kuliko onyesho lenyewe. Tarehe 13 Mei 2000 ghala la fataki liliripuka katika mtaa wa makaazi mjini Enschede, Uholanzi, likaua watu 23 na kubomoa mtaa mzima. Hapakuwa na onyesho lolote siku ile. Kwa hiyo mwombaji aulizwe mzigo utapita bandari gani, kwa chombo gani, na utalala wapi kabla ya usiku wa shughuli. Boti ya abiria na stoo ya hoteli si majibu.

Majirani hupewa taarifa kupitia sheha, wakiwemo wagonjwa, wazee na wenye mifugo, na saa ichaguliwe isigongane na sala ya Isha.

Kupewa kibali hakumwondolei mwandaaji dhamana ya madhara, wala hakumlazimishi kuendelea: upepo ukigeuka au watu wakivuka kamba, onyesho husimamishwa. Likisha malizika, uwanja hubaki umefungwa hadi wapigaji wenyewe watakapokagua kila bomba na kuyaondoa matufe yaliyokataa kuripuka, na asubuhi ukaguzi urudiwe kwa mwanga wa jua kabla ya watoto wa skuli kuruhusiwa kuingia uwanjani.