Je, wajua? Tezi inayokushtua ina gamba linalokuweka hai

Unavuka barabara, bodaboda inakupita karibu ikukwaruze kifua. Hujapata hata neno la kumtupia dereva, tayari moyo unakwenda mbio na viganja vimelowa. Yeye keshapotelea mbele, wewe umeketi kibarazani, na mikono bado inatetemeka. Kwa nini?

Chanzo kimekaa juu ya figo zako. Kila figo ina tezi yake ya adrenali, kama kofia iliyovaliwa upande, yenye uzito wa gramu 4 au 5 hivi. Ya kulia ina pembe tatu, ya kushoto imejipinda kama mwezi mchanga. Ukiipasua utaona gamba la manjano nje na kiini cha rangi ya kahawia ndani. Ni kama wapangaji wawili wa nyumba moja, kila mmoja na shughuli zake.

Kiini hupokea amri moja kwa moja kutoka kwenye neva, na ndani ya sekunde chache humwaga adrenalini. Mboni za macho hupanuka, njia za hewa mapafuni hufunguka, ini huachia sukari, damu huvutwa kutoka kwenye ngozi na tumbo ipelekwe kwenye misuli. Na kwa kuwa homoni hiyo imeshaingia kwenye damu, haiondoki pale pale hatari inapopita. Ndiyo mitetemeko ile ya kibarazani.

Adrenalini ndiyo yenye jina mjini. Lakini mtu anaweza kuishi bila kiini. Neva zake hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Gamba likifa naye asipate dawa, hachukui muda mrefu.

Gamba hutoa aldosteroni, inayoziamuru figo zisiachie chumvi ovyo. Chumvi ikipotea, maji huifuata na shinikizo la damu huanguka. Hutoa pia kotisoli, inayolinda sukari ya damu na kutuliza uvimbe mwilini. Kotisoli hupanda kuelekea alfajiri na kushuka kabisa karibu na usiku wa manane. Homoni za kiume zipo pia, kidogo, hata kwa wanawake.

Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa London alieleza habari za wagonjwa waliokonda, walioishiwa nguvu na kuwa weusi isivyo kawaida. Walipofariki, tezi hizi zilikutwa zimeharibika, baadhi yao kwa kifua kikuu. Kwetu, ambako kifua kikuu bado kipo, ugonjwa huo wa tezi si hadithi ya Ulaya. Kwenye ngozi nyeusi weusi huo hujificha: daktari hutazama ufizi na mistari ya viganja, na huuliza kama mgonjwa amekuwa akitamani sana chumvi.

Gamba linaweza pia kulazwa usingizi na dawa. Anayemeza vidonge vya prednisoloni, dawa ya steroidi inayofanya kazi kama kotisoli, kwa wiki nyingi, au kujipaka kila siku krimu kali ya kujichubua yenye steroidi, huufanya ubongo uone kotisoli imetosha. Ubongo huacha kuliamsha gamba, nalo husinyaa. Akiacha ghafla, anaweza kuzimia kwa homa tu ya malaria. Ndiyo maana vidonge hivyo hupunguzwa kidogo kidogo, na gamba huweza kuchukua miezi kabla ya kuamka sawasawa.