“Chanzo ni Mimi Mwenyewe”: Dhana Potofu kuhusu Vyanzo katika Wikipedia

Wiki hii nimeondoa tena sentensi yenye tanbihi isemayo “chanzo: mimi mwenyewe, nilikuwepo”, na mwandishi wake ameniuliza katika ukurasa wa majadiliano kama ninamwita mwongo. Simwiti mwongo. Dhana ya kwamba aliyeliona jambo kwa macho yake ndiye chanzo bora ndiyo inayotuchosha zaidi sisi tunaokagua mabadiliko mapya, kwa kuwa mahali pengine ina mashiko. Wikipedia haitosheki na ukweli wa jambo. Inataka msomaji asiyemfahamu mwandishi aweze kulihakiki katika maandishi yaliyokwisha kuchapishwa na watu wenye sifa ya kuchunguza wanachokitoa. Mhariri anayejitambulisha kwa jina la kubuni hawezi kuhojiwa, na siku akiacha kuandika, ushuhuda wake hubaki unaning’inia.

Ukubwa wa mtu haubadilishi kanuni hii. Mwaka 2012 mwandishi Philip Roth alitaka Wikipedia ya Kiingereza irekebishe maelezo kuhusu asili ya mhusika wa riwaya yake, akajibiwa kwamba neno lake pekee halitoshi. Akachapisha barua ya wazi katika jarida la The New Yorker, na makala ikaweza kumnukuu. Wengi hukisimulia kisa hiki kama kichekesho cha urasimu, lakini mimi naona kanuni ilifanya kazi yake: kabla ya barua kauli yake ilijulikana kwa wahariri wachache tu, na baada yake kila msomaji angeweza kuisoma, akailinganisha na yale ambayo wahakiki walikuwa wameandika. Ndiyo maana huwasisitizia wageni watafute chanzo kwanza, kisha waandike kile tu kinachosemwa humo. Anayeandika kwanza na kutafuta tanbihi baadaye hujikuta akibandika kitabu ambacho hakisemi alichokiandika.

Si kweli kwamba chanzo lazima kiwe kwenye intaneti: kitabu cha maktaba kinakubalika, mradi utaje mwandishi, mwaka, mchapishaji na ukurasa. Si lazima pia kiwe katika lugha ya makala.

Wapo wanaotaja Wikipedia ya lugha nyingine kama chanzo. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja Mmarekani alibuni jina la utani la mnyama aitwaye koati na kuliingiza katika makala ya Kiingereza. Magazeti yakaliokota, na baadaye magazeti hayo hayo yakatajwa kuwa uthibitisho wa jina hilo. Basi badala ya kuitaja Wikipedia ya lugha nyingine, fungueni marejeo ya makala yake, myasome wenyewe, ndipo myataje.

Na wingi wa tanbihi si uthabiti. Sentensi yenye tanbihi saba hunitia shaka kuliko yenye moja, kwani nikizifungua, mara nyingi hukuta taarifa moja kwa vyombo vya habari iliyonakiliwa mara saba, pamoja na kosa lake la tahajia.