Umeacha nyama, mbona presha haishuki?

Wapo wenye presha wanaoacha nyama kabisa, wakala maharage na mchicha miezi miwili, kisha wakipima wanakuta namba zilezile. Mimi huanza kwa kuuliza maharage hayo yamepikwaje.

Maharage yana madini ya potasiamu kwa wingi, na hiyo ndiyo dawa yake: huzisaidia figo kutoa sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi na inayopandisha presha, kwenye mkojo na hulegeza mishipa ya damu. Sasa tukitia magadi ili yaive upesi na mkaa usiishe, tunairudisha sodiamu ileile, tena bila ulimi kuhisi chumvi. Juu yake tunavunja kidonge cha kiungo cha mchuzi, ambacho sehemu kubwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate.

Loweka maharage usiku kucha, umwage maji hayo. Yataiva mapema bila magadi. Kwenye maji mapya yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, maana maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayovuruga tumbo. Kisha punguza moto hadi punje ipondeke kati ya vidole viwili. Nyanya na ndimu zisubiri hapo, kwani uchachu huyafanya yabaki magumu. Unga kwa kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi na bizari, mafuta vijiko viwili. Chumvi iwe ya mwisho: nusu kijiko cha chai, kilichosawazishwa, kwa sufuria ya watu watano. Wiki ya kwanza mtaona kama chakula cha mgonjwa, ulimi huzoea.

Mchicha usiuchemshe ukaukamua, potasiamu nyingi inakwenda na maji. Osha, katakata, funika uive kwa maji yake dakika tano. Kisamvu ni tofauti: lazima kitwangwe na kichemke sana, majani yake mabichi yana sumu.

Mwaka 1997, utafiti wa Marekani uitwao DASH uliwapa watu matunda, mboga, nafaka zisizokobolewa na maziwa yenye mafuta kidogo. Wenye presha walishuka namba ya juu kwa takriban 11, chumvi ikiwa haijapunguzwa, na mabadiliko yalionekana ndani ya wiki mbili. Samaki na kuku kidogo walikuwemo. Kwa hiyo kuacha nyama ukabaki na chapati, mandazi na tui zito la nazi hakutakufikisha huko. Kula dona badala ya sembe, na tunda kila mlo.

Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha kama spironolaktoni, losartani au enalaprili, amwone daktari kwanza: potasiamu ikizidi mwilini huvuruga mapigo ya moyo. Dawa usiache kwa kujiamulia. Pima asubuhi kabla ya kuzimeza, ukiwa umekaa kimya dakika 5, mkono umelala mezani usawa wa moyo, mara mbili, uandike zote mbili umpelekee.